Milioni mbili kwa ajili ya kibodi?

Ndugu Mshauri,

Assalaam aleikum. Mimi ni mfasiri wa Kiingereza na Kiswahili ninayeishi Tanga, na kwa zaidi ya miaka kumi kazi yangu yote nimeifanyia kwenye kompyuta mpakato moja ya ThinkPad T420, niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Sasa bawaba ya kushoto ya kioo imekatika, feni inanguruma mchana kutwa, na fundi wangu, ambaye ni mtu mwaminifu, ameniambia kwamba ataendelea kuitengeneza nikitaka, lakini yeye mwenyewe anaona ninatupa fedha. Kwa hiyo sikuulizi kama ninunue kompyuta nyingine. Nakuuliza ninunue ipi.

Shemeji yangu anayeishi Maskati amenipatia habari ya ThinkPad 25, lile toleo maalumu lililotolewa mwaka 2017 kuadhimisha miaka 25 ya ThinkPad. Mwenye nayo ni mtu anayefahamiana naye, ambaye aliinunua ikiwa mpya, akaitumia kidogo, kisha akairudisha ndani ya boksi lake na kuiweka kabatini pamoja na kijitabu chake na vile vinundu vyekundu vya akiba, vya kusogezea mshale. Anataka riali 340 za Oman, ambazo kwa hesabu ya hapa nyumbani zinapita shilingi milioni mbili. Shemeji anakuja mwezi ujao na yuko tayari kuibeba kwenye mzigo wake, lakini muuzaji anataka jibu mapema kwa sababu anasema wapo wengine wanaoiulizia.

Ninachokitaka kwenye kompyuta hiyo ni kibodi. Ina ule mpangilio wa safu saba nilioufanyia kazi miaka yote hii, na ambao kompyuta za sasa hazina. Nimejaribu kompyuta za wenzangu na kila mara ninajikuta ninaangalia vidole badala ya kuangalia matini. Mume wangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu, haoni mantiki yoyote hapo. Anasema kwamba Kariakoo ninaweza kupata ThinkPad T480 iliyotumika kwa laki sita na nusu, ambayo ni mpya kuliko hiyo ya Maskati, na kwamba tofauti ya milioni moja na nusu ninailipia pambo. Muuzaji kwa upande wake anasisitiza kwamba yake ina prosesa ya i7 ilhali hizo T480 nyingi ni za i5, na kwamba kitu adimu namna hii hakishuki bei, bali kinapanda.

Naomba nikueleze na mazingira ya kazi yangu. Ninatumia Trados Studio, programu ya kutafsiria, na mteja wangu mkubwa, kampuni ya tafsiri iliyoko Ulaya, hunitumia kila mwaka fomu ya usiri ambamo ninatakiwa kuthibitisha kwamba kompyuta yangu inapokea masasisho ya usalama. Sehemu kubwa ya kazi ninaifanyia nyumbani, mezani. Nje ninatoka mara chache, kwa mikutano au semina. Akiba niliyonayo ni shilingi milioni mbili na nusu, na sina nyingine nyuma yake.

Je, bei hiyo ina thamani yake?

Mfasiri, Chumbageni, Tanga

JIBU

Waaleikum salaam, dada yangu.

Nitatanguliza jibu ili usisome ukiwa na wasiwasi: kwa riali 340, na kama kompyuta ya kukuletea riziki kila siku, ThinkPad 25 usiinunue. Hata hivyo sikubaliani na mwalimu kwamba unachokitamani ni pambo. Njia yake ya kulinganisha mashine mbili na kutazama tofauti ya bei ndiyo njia sahihi, ila ameipa kibodi thamani ya sifuri, na kwa mtu anayeishi kwa kuchapa, thamani hiyo si sifuri hata kidogo.

Toleo maalumu la kompyuta karibu kila mara huwa na ndugu yake wa kawaida, aliyetoka kiwanda kile kile akiwa na viungo vile vile, na bei yake haieleweki mpaka umtafute huyo ndugu na uwaweke pamoja. Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoufahamu ni MacBook ya mwaka 2006. Apple iliuza nyeupe kwa dola 1,299 na nyeusi kwa dola 1,499, zote mbili zikiwa na prosesa ya gigahezi 2. Tofauti ya maana ilikuwa diski, kwa kuwa nyeusi ilikuwa na gigabaiti 80 na nyeupe 60. Aliyetaka nyeupe yake iwekewe diski ya gigabaiti 80 aliongeza dola 50 tu. Dola 150 zilizobaki, kwa hiyo, zilikuwa bei ya rangi nyeusi, na watu wengi walizilipa kwa hiari yao na wakafurahi. Siwalaumu, maana mtu ana haki ya kununua rangi. Kinachonisumbua ni pale mtu anaponunua rangi akiamini amenunua kasi.

Hiyo uliyotajiwa wewe ni ya aina nyingine, na ndiyo maana barua yako imenivutia. IBM ilitangaza ThinkPad ya kwanza iliyojulikana sana, 700C, tarehe 5 Oktoba 1992. Mwaka 2005 biashara hiyo ya kompyuta ikahamia kwa Lenovo, na kwa miaka kadhaa baada ya hapo kibodi ya safu saba iliendelea kuwapo, hadi kizazi cha T420 yako kilichotoka mwaka 2011. Mwaka uliofuata ikaja T430 yenye safu sita, na malalamiko ya watumiaji wa zamani hayajakoma hadi leo. Mwaka 2015 David Hill, aliyekuwa kiongozi wa usanifu wa kompyuta hizo, aliwauliza wapenzi wa ThinkPad hadharani kama wangetaka mashine mpya ndani yenye sura ya zamani nje, akawaomba maoni kitu kwa kitu. Matokeo yake ni ThinkPad 25, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2017 kwa dola 1,899 nchini Marekani, ikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 16, diski ya SSD ya gigabaiti 512, kioo cha kugusa cha inchi 14, na ile nembo yenye herufi za rangi nyekundu, kijani na buluu.

Ndugu yake wa kawaida anaitwa T470. Ukivua nembo, kijitabu na vinundu vya akiba, unabaki na T470 iliyokatwa upya sehemu ya juu ili kibodi ya safu saba ikae. Tofauti iliyopo inashikika kwa mkono, na kwa sababu hiyo ninaiheshimu kuliko matoleo maalumu mengi ambayo yameongezewa rangi na jina la mtu maarufu.

Ninaelewa pia kwa nini vidole vyako vinagoma kwenye mashine za wenzako. Kwenye kibodi yako Delete ni kitufe kirefu, kimesimama juu kulia katika kundi la vitufe sita pamoja na Insert, Home, End, Page Up na Page Down, na vitufe vya F vimegawanywa kwa makundi ya vinne vinne, kiasi kwamba mkono unavipata bila jicho kushuka. Kwenye T480 kundi hilo halipo. Home, End, Insert na Delete zimebanwa katika safu moja na vitufe vya F, zikiwa nyembamba. Page Up na Page Down zimewekwa ubavuni mwa mshale wa kupanda, ili ukitaka kupanda mstari mmoja ujikute umeruka ukurasa mzima. Na kitufe cha kupiga picha ya kioo kimechomekwa kati ya Alt na Ctrl za kulia, mahali ambapo kidole cha mfasiri hupita kila anapothibitisha sehemu ya matini kwa Ctrl na Enter. Kwa mtu anayeandika barua pepe mbili kwa siku haya ni malalamiko ya mtu aliyezoea vibaya. Kwa anayethibitisha mamia ya sehemu kabla ya jua kuzama, kila kosa la kidole linamtoa kwenye sentensi aliyokuwa akiijenga kichwani, na sentensi ya Kiswahili ikishakatika katikati hairudi vile vile. Mwalimu aliweke hilo katika hesabu yake.

Tatizo ni kwamba huuziwi kibodi peke yake. Unauziwa kibodi iliyogandishwa kwenye kompyuta ya mwaka 2017, na mwaka huo, kwa bahati mbaya, ulikuwa mwaka mbaya wa kugandia.

Nianze na hilo neno i7, kwa sababu muuzaji amelitumia kukutisha. Prosesa iliyomo ni Core i7-7500U, ya kizazi cha saba, na ina viini viwili, yaani sehemu mbili za kufanyia hesabu. Kizazi cha nane kilipofika, Intel iliweka viini vinne hata kwenye i5 za kompyuta za aina hii. I5-8250U, ambayo utaikuta kwenye T480 nyingi za Kariakoo, ina viini vinne na nyuzi nane, yaani inaweza kushika kazi nane kwa wakati mmoja, dhidi ya viini viwili na nyuzi nne za hiyo i7. Kwa kuchapa tu hutaona tofauti. Ila pale Trados inapochambua faili kubwa dhidi ya kumbukumbu ya tafsiri yenye maelfu ya sentensi, huku kivinjari kikiwa kimefunguliwa kurasa ishirini za istilahi, kile kinachoitwa i5 kitakuwa na nguvu zaidi ya kile kinachoitwa i7. Namba ya kizazi, ile tarakimu ya kwanza baada ya kistari, isomwe kabla ya kitu kingine chochote, na mtu anayekuuzia kwa kutaja i7 pekee ama hajui au anajua vizuri sana.

Kizazi hicho cha saba kina shida kubwa kuliko ya kasi. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, inapokea rasmi prosesa za Intel za kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa chache sana za kizazi cha saba, na i7-7500U haimo katika hizo chache. Windows 10, ambayo ndiyo mashine hiyo inaweza kuendesha kwa ruhusa kamili, ilikatiwa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na watumiaji wa kawaida wakapewa nyongeza ya mwaka mmoja wa masasisho ya usalama uliopangwa kuishia Oktoba 2026. ThinkPad 25 imebaki upande mmoja wa mstari, na T480, iliyotoka miezi michache tu baada yake na inayofanana nayo kama mapacha ukiwatazama kwa nyuma, imevuka.

Najua fundi atakachokwambia, kwamba Windows 11 anaweza kukuwekea hata hivyo. Ni kweli, anaweza, na huenda ikafanya kazi bila matata kwa muda mrefu. Lakini Microsoft yenyewe inasema kwamba kompyuta isiyotimiza masharti haina uhakika wa kuendelea kupokea masasisho, na wewe kila mwaka unatia saini fomu inayosema unayapokea. Kwa mtu mwingine ningelipitia jambo hili kwa sentensi moja. Kwako ndilo linaloamua, kwa sababu Trados Studio inaendeshwa kwenye Windows pekee na mteja wako mkubwa amekuuliza swali hilo hilo kwa maandishi. Ungekuwa unatumia OmegaT, programu nyingine ya kutafsiria ambayo haina malipo na inaendeshwa bila shida kwenye Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ningekujibu kwa namna nyingine, maana ThinkPad 25 yenye Linux ni kompyuta njema kabisa hadi leo.

Kuhusu ile habari ya kukaa kabatini, muuzaji anaitaja kama sifa, na kwa plastiki na vitufe ni sifa kweli. Kwa betri sivyo. Betri za lithiamu huzeeka hata zisipoguswa, na zikiachwa zimeisha chaji kwa miaka huenda zisiamke kabisa. ThinkPad 25 ina betri mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa nyuma, ambazo ni za familia moja na T470, kwa hiyo mbadala utazipata. Lakini gharama yake iongezwe kwenye zile riali 340, kwa sababu muuzaji hakuiweka.

Kibodi yenyewe ndiyo inayonitia hofu zaidi. Kwa T470 na T480 vipuri vimejaa, kwa kuwa maofisi ya Ulaya na Marekani yalizinunua kwa wingi na kuzitoa kwa wingi, na zile zilizokufa hufika hapa kwetu kama machinjio ya vipuri. Kibodi ya ThinkPad 25 haikuwekwa kwenye kompyuta nyingine yoyote, na ya T470 haiingii mahali pake, kwa sababu tundu la bodi ya juu limekatwa kwa umbo jingine. Kikombe kimoja cha chai kikimwagika mezani pako, kitakachoharibika ni kile kile ulicholipia milioni moja na nusu, na fundi wako mwaminifu atakuwa hana cha kukifunga badala yake. Kompyuta ya maonyesho inaweza kuishi na hatari hiyo. Ya kazi haiwezi.

Nije kwenye dai la kwamba kitu adimu hupanda bei. Wapo wakusanyaji wa ThinkPad, na toleo hili wanalipenda, sina ubishi. Lakini mkusanyaji analipia usafi, yaani boksi, kijitabu, vinundu ambavyo havijaguswa, na vitufe ambavyo havijaanza kung'aa kwa mafuta ya vidole. Wewe unataka kuichapia saa nane kwa siku. Baada ya mwaka mmoja herufi za A na E zitakuwa zinang'aa kama kioo, na ulichonacho kitakuwa T470 ya zamani yenye kibodi nzuri iliyochakaa. Huwezi kuihifadhi na kuitumia kwa pamoja, na muuzaji anakutoza bei ya anayehifadhi ilhali anafahamu kwamba wewe ni mtumiaji.

Kwa hiyo nakushauri ununue T480 na utafute kibodi peke yake. Umesema kazi kubwa unaifanyia mezani, na sentensi hiyo moja ya barua yako ina thamani ya zaidi ya milioni moja. Lenovo iliwahi kuuza kibodi ya nje ya waya wa USB, ThinkPad USB Keyboard with TrackPoint, yenye namba ya kipuri 55Y9003, ambayo ina safu saba, kinundu chekundu, vitufe vitatu chini yake, na mpangilio ule ule ambao vidole vyako vimeuzoea kwenye T420. Haiuzwi tena ikiwa mpya kiwandani, lakini zilizotumika zinapatikana katika masoko ya mtandaoni, na Maskati au Dubai shemeji yako ana nafasi nzuri ya kuipata kuliko wewe ukiwa Tanga. Aizingatie hiyo namba, kwa sababu kibodi za nje za ThinkPad zilizokuja baadaye zina safu sita, na wauzaji huzichanganya. Sidhani kama utalipa hata nusu ya ile tofauti ya milioni moja na nusu. Tena kibodi ya nje haifi pamoja na kompyuta. T480 ikizeeka unachomoa waya na kuuchomeka kwenye nyingine. Kununua ThinkPad 25 kwa ajili ya safu saba za vitufe ni kununua nyumba nzima ya Mji Mkongwe kwa kuupenda mlango wake, wakati mlango huo unauzwa peke yake mtaa wa pili.

Utakuwa na dosari moja: ukienda kwenye semina utachapa kwenye safu sita. Umesema ni mara chache. Kama sivyo, na kama nusu ya kazi yako inafanyika njiani, basi niandikie tena, kwa sababu hesabu inabadilika.

Kwenye T480 pia usiingie kichwa kichwa, maana bei ya laki sita na nusu inafunika mashine za hali tofauti sana. Maofisi mengi yaliziagiza na kioo cha bei ya chini chenye nukta 1366 kwa 768, ambacho rangi zake hupauka ukiinamisha kichwa kidogo, na mfasiri anayeweka matini ya asili na ya tafsiri ubavu kwa ubavu atateseka nacho; dai kile cha 1920 kwa 1080, na ukitazame ukiwa umekaa upande, si mbele tu. Kumbukumbu ya RAM iwe gigabaiti 16, au iwe 8 katika nafasi moja na nafasi ya pili iwe tupu ili uongeze mwenyewe, kwani mashine hii ina nafasi mbili. Ina matundu mawili ya USB-C na chaji inapita humo tu, kwa hiyo chomeka chaja katika kila tundu na uhakikishe yote mawili yanachaji, kwa sababu T480 zilitoka na hitilafu katika programu ya ndani ya Thunderbolt, teknolojia inayotumia tundu la USB-C, ambayo mwisho wake tundu hufa. Lenovo ilitoa sasisho la kuirekebisha, lakini sasisho hilo humwokoa aliyeliweka mapema. Likishakufa, fundi atazungumzia kubadilisha mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Likiwa zima, sasisho hilo liwe jambo la kwanza unalofanya ukifika nyumbani. Betri ya nyuma itakuwa imechoka, ichukulie hivyo tangu mwanzo.

Ukijumlisha T480 nzuri, kibodi ya nje na betri mpya, bado akiba yako itabaki na kiasi cha kukutosha siku ambayo mteja atachelewa kulipa, jambo ambalo halikuandikwa katika barua yako lakini kila mfasiri analifahamu.

Na ikiwa baada ya haya yote moyo wako bado uko Maskati? Sitakucheka. Mwambie shemeji amweleze muuzaji kwamba bei yako ni riali 120, na asipandishe zaidi ya 150, kwa kuwa hapo utakuwa unanunua T470 kwa bei yake pamoja na nyongeza ya haki kwa ajili ya kibodi. Akikataa, hao wengine anaosema wanaiulizia wachukue. Akikubali, shemeji asiilipie kabla hajaiwasha kwa betri bila chaja, akafungua kurasa tupu na kubonyeza kila kitufe kimoja kimoja, kuanzia Esc hadi vile vya sauti vilivyo juu, na akahakikisha kinundu hakivuti mshale upande chenyewe kikiachwa bila kuguswa. Wapo mafundi, wengi wao ng'ambo, ambao wamefaulu kuweka mazabodi ya T480 ndani ya ganda la ThinkPad 25, na mashine iliyofanyiwa hivyo inaipokea Windows 11 kwa ruhusa. Kama atakutana na iliyokwisha kufanyiwa kazi hiyo vizuri, hiyo ndiyo ningekuruhusu kuilipia karibu na anachokitaka huyu. Kufanyiwa hapa, kwa kubahatisha, kwenye mashine ambayo vipuri vyake havipatikani, nisingeshauri.

Muuzaji anataka jibu mapema. Mpe hilo la riali 120 leo, na Jumamosi mwende Kariakoo na mwalimu mkazikague T480. Yeye ashike chaja, wewe ushike kibodi.